Kikombe Kilichoanguka Nisipokuwepo

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisimulia jinsi babu yangu alivyofariki. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake mkavu ukiwa ndani ya mkono wangu, dirisha liko wazi nusu. Akaomba maji. Dada yangu akaleta kikombe cha bati, kile chenye ua la bluu lililobanduka upande mmoja, na kabla hakijamfika babu mdomoni kikaanguka. Mlio ule ninao masikioni hadi leo: kishindo kimoja kikavu kwenye saruji, halafu kikombe kikazunguka, kikazunguka, mpaka kikatulia. Nilipoinua macho, babu alikuwa ameshatutoka.

Habari hii nimewahadithia marafiki. Nimemhadithia mwenzangu wa ndoa, usiku ule tulipokuwa tunazungumza habari za wafu wetu kwa mara ya kwanza. Niliwahi hata kuiandika. Sikuitia chumvi hata mara moja.

Mwaka jana nilikuwa nikiongea na dada kwa simu, nikaigusia kwa kupita tu, kama mtu anavyotaja jambo ambalo wote wawili wanalijua. Dada akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe hukuwepo."

"Wapi?"

"Siku ile. Ulikuwa shule. Umerudi saa nane, watu wameshajaa uani, ukanikuta jikoni nalia. Aliyemshika babu mkono ni mimi. Kikombe nilikiangusha mimi. Nikakuhadithia usiku ule, na kesho yake, na wiki nzima kila ulipokataa kulala."

Nilibisha. Nikamweleza lile ua la bluu, jinsi lilivyokuwa limebanduka, kwa sababu mtu hawezi kuona ua la namna ile kama hakuwepo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba kikombe cha babu kilikuwa cheupe kitupu. Chenye ua kilikuwa changu. Ndicho nilichokuwa nikienda nacho shule.

Sikupata usingizi. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba ndani ya hadithi yangu mwenyewe ushahidi kwamba sikuwepo, nikauonyesha kwa kila aliyenisikiliza, na hakuna aliyeuona, mimi nikiwa wa kwanza. Kama ningekisoma kisa hicho kitabuni ningepigia mstari kile kikombe nikasema: mwandishi huyu anaijua kazi yake.

Maana mimi ni msomaji wa riwaya za taharuki za kisaikolojia, zile ambazo anayekusimulia ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Nimezisoma tangu ujana, kwenye foleni, kwenye safari, usiku nikiwa na kazi asubuhi. Watu wameniuliza mara nyingi ninapenda nini katika kudanganywa, nami nilikuwa najibu kwamba napenda fumbo. Baada ya ile simu nimeona kwamba jibu langu halikutosha. Riwaya hizi zinaeleza kwa usahihi kuliko maandishi mengine yote namna mtu anavyoweza kusema uongo bila kusema uongo, na namna anavyoweza kuishi humo kwa amani.

Dhana ya msimulizi asiyeaminika ilipewa jina na mhakiki Mmarekani Wayne Booth mwaka 1961, lakini msimulizi mwenyewe ni mkongwe kuliko jina lake. Edgar Allan Poe alikuwa ameshamwandika mwaka 1843, katika hadithi fupi ya mtu anayeanza kwa kututhibitishia kwamba hana wazimu. Amemuua mzee anayeishi naye, amemficha chini ya mbao za sakafu. Polisi wanakuja, naye anawakaribisha, anawaletea viti, na kiti chake anakiweka juu ya mbao zilezile zenye maiti chini yake. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi sana, na kila mara kinachonishika ni kile kiti. Hakuna aliyemlazimisha kukaa pale. Chumba kizima kilikuwa chake.

Siri iliyofukiwa inapaswa kuwa hivyo. Waandishi wengi huiweka kama sanduku: imezikwa sura ya kwanza, inafukuliwa sura ya mwisho, na katikati imelala tu ikisubiri koleo. Siri hailali. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na riwaya nzuri hutuonyesha kazi ya kuficha yenyewe, jinsi inavyomchosha mfichaji kila siku. Katika nyumba yenye siri kuna chumba ambacho watoto hawakipiti mbio. Kuna jina ambalo likitajwa mezani mtu anainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Kuna mama anayejibu swali kabla halijaulizwa. Msomaji mwangalifu akiyaona hayo hahitaji koleo. Anajua panapozama mguu, hata kama hajui kilichozikwa. Na mara nyingi anayejua si mkuu wa nyumba wala mwenye siri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika riwaya hizi huwa ni mtu ambaye hakuna anayemwangalia: mfanyakazi, mtoto wa mwisho, bibi ambaye wote wanadhani kumbukumbu imemtoka.

Narudi kwa msimulizi, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa riwaya ya upelelezi ambayo jina lake silitaji hapa kwa sababu wapo ambao hawajaisoma, nami sitaki kumnyang'anya mtu usiku ule. Ndani yake kuna sentensi mbili zilizofuatana. Ya kwanza inasema barua ililetwa saa mbili na dakika arobaini usiku. Ya pili inasema msimulizi alipotoka chumbani ilikuwa ikikaribia saa tatu kasoro dakika kumi. Zote mbili ni kweli tupu. Kati yake zimepita dakika kumi, na dakika kumi hizo ndizo riwaya yenyewe. Msomaji anazivuka kama anavyovuka ufa mwembamba barabarani, hainui hata mguu.

Kitabu hicho kiligombaniwa sana. Wapo waliosema ni hila, kwamba msomaji ameibiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyeitwa Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za uandishi wa aina hiyo. Mojawapo inasema rafiki wa mpelelezi, yule anayetusimulia, asimfiche msomaji wazo lolote linalompitia kichwani. Naielewa hofu iliyomo ndani ya amri hiyo. Ila nadhani padri alitaka kwa msimulizi kitu ambacho hata penye kitubio hakipatikani. Nani amewahi kusema kila wazo lililompitia?

Haki ninayoidai mimi ni nyingine. Nataka nikimaliza kitabu niweze kukifungua tena ukurasa wa kwanza, nikisome nikiwa najua, na nisikute sentensi hata moja iliyo ya uongo. Nikute pengo, sawa. Nikute neno lililochaguliwa kwa hadhari, vizuri zaidi. Lakini mwandishi akiniambia "nilikuwa peke yangu" na kumbe walikuwa wawili, huyo amevunja mkataba, na mgeuko wake wa mwisho hata uwe mkubwa kiasi gani haunipi raha yoyote. Kitabu kisichosomeka mara ya pili mimi nakihesabu kuwa hakikuandikwa vizuri hata mara ya kwanza.

Kwa hiyo husoma na penseli. Nawekea alama kila mahali ambapo msimulizi anaapa kwamba anasema kweli, maana mtu asiye na la kuficha hana haja ya kiapo katikati ya habari ya chakula cha mchana. Nawekea alama pale anapoeleza kwa undani jambo lisilo na uzito, halafu jambo zito analivuka kwa nusu sentensi. Na zaidi ya yote najiuliza anasema na nani. Swali hili ndilo linalotenganisha riwaya ya haki na ile inayodanganya vibaya. Anayeandika maelezo kwa polisi ana msikilizaji, na ana sababu ya kuacha mambo. Anayeandika shajara akijua kwamba mumewe huisoma kwa siri, naye ana sababu. Hata anayemwandikia marehemu barua ana aibu yake mbele ya marehemu. Lakini siku hizi kuna vitabu vingi ambavyo msimulizi hasemi na mtu. Tumo ndani ya kichwa chake, tunasikia mawazo yake moja kwa moja, anawaza rangi ya pazia, anawaza njaa, anawaza kiatu kinachombana, na kwa kurasa 280 hawazi hata mara moja kwamba amezika mtu nyuma ya nyumba. Hapo hakuna kichwa cha mtu, kuna mkono wa mwandishi uliofunika ukurasa.

Isipokuwa, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu na matamu, kama mwenye kichwa hicho kweli hajui.

Lugha yetu imeumbwa kwa kazi hii, na natamani waandishi wetu waitumie zaidi. Angalia ile "ka" ya kusimulia. "Nikaingia chumbani, nikamkuta amelala, nikafunga mlango, nikaenda zangu." Kila "ka" inakabidhi tendo kwa linalofuata kama watu wanaopeana matofali, na sikio linaamini kwamba hakuna tofali lililoruka. Kati ya "nikamkuta" na "nikafunga" yaweza kupita pumzi moja, yaweza kupita saa nzima, na sarufi haimdai msimulizi chochote. Zile dakika kumi za Christie zingeingia humo bila hata saa kutajwa.

Halafu kuna kauli ya kutendeka. Kikombe kilivunjika. Barua ikachanika. Mlango ulifunguka usiku. Sentensi hizo hazina mtendaji, na wala hazionekani kama zinamficha. Ni Kiswahili safi cha kila siku, ndivyo mtoto anavyomwambia mama yake akiwa amesimama juu ya vigae. Na kuna jambo la tatu ambalo mwandishi wa Kiingereza analitafuta kwa jasho na sisi tumepewa bure: "a". Alikuja, aliniangalia, alinivua koti, akanibusu, akaondoka na ufunguo wangu. Mwanamume au mwanamke? Riwaya nzima inaweza kwisha msomaji akiwa amemwona mtu ambaye hakuandikwa, kwa sababu amejaza mwenyewe. Na siku anapogundua, neno la mshangao huo tunalo tayari, neno moja ambalo sijaona lugha nyingine yenye linalolingana nalo: kumbe.

Msomaji hujaza mapengo, na ndivyo kumbukumbu inavyofanya pia. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Kundi jingine waliulizwa yalikuwa na mwendo gani yalipobamizana. Kundi la tatu hawakuulizwa habari ya mwendo. Baada ya wiki wakaitwa tena, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Katika watu 50 waliosikia "yalipogongana", 7 walisema waliviona. Katika 50 waliosikia "yalipobamizana", walikuwa 16. Kitenzi kimoja tu, kilichosemwa na mtu mwingine wiki nzima nyuma, kikamwaga vioo barabarani ndani ya vichwa vya watu waliokuwa na akili zao timamu.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaza dada yangu wa miaka kumi na miwili akiwa kando ya kitanda changu gizani, akinihadithia na kunihadithia tena, na mimi nikitafuta kikombe cha kuweka mkononi mwa maneno yake, nikachukua changu.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na riwaya zinazoifanya kumbukumbu iwe kabati lililofungwa. Mhusika alikunywa pombe usiku wa mauaji, hakumbuki kitu. Sura ya arobaini ananusa marashi fulani na usiku mzima unarudi, wazi kama filamu, pamoja na uso wa muuaji. Waliochunguza jambo hili wanatofautisha hali mbili. Ipo ambayo vipande vya usiku vinabaki, na vidokezo vinaweza kuvirudisha kimoja kimoja. Na ipo ambayo pombe imeizuia ile sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi isiandike kitu. Huyo wa pili hakusahau. Hakuna kilichowekwa, kwa hiyo hakuna cha kurudi, hata anuse marashi ya dunia nzima. Kwangu mimi ukweli huu ni wa kutisha kuliko kabati, na mwandishi anayeuheshimu anapata kitabu kizito zaidi: mtu anayelazimika kuijua nafsi yake kwa kuuliza wengine, na wengine hao wana sababu zao za kumjibu wanavyomjibu.

Ugomvi wangu wa pili nitausema kwa ufupi kwa kuwa unaniumiza. Zipo riwaya ambazo zikishindwa kufungua fundo lao humtia msimulizi ugonjwa wa akili, na ugonjwa huo ndio unakuwa jibu la kila kitu: alifanya kwa sababu anaumwa. Wanaoishi na magonjwa hayo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kutendewa ukatili kuliko kuutenda. Mwandishi anayejua hivyo halafu akaendelea kuwatumia kama ufunguo wa dharura amenipoteza mimi kama msomaji.

Wasimulizi ninaowapenda ni wazima kabisa. Wanapenda watoto wao, wanalipa madeni, wanakumbuka siku za kuzaliwa za jirani. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, na ni kweli kwa mwongo anayejua kwamba amebeba uongo. Mzigo humchosha, akautua mahali pasipofaa. Lakini hawa hawachoki, maana hawajui kama wana mzigo. Waliwahi kufanya jambo moja, au kuliacha lifanyike, na tangu siku ile wamekuwa wakilisimulia kwa namna ambayo wanaweza kuendelea kuishi nalo. Kila walipolisimulia likalainika kidogo. Mwishowe wakalisimulia na mbele yetu, kwa uaminifu wote walio nao. Ninaposoma kitabu cha namna hiyo simchukii msimulizi hata nikishajua. Nataka kumsogezea kiti.

Mimi sikumfanyia babu ubaya wowote. Lakini nimejiuliza kwa nini nilihitaji kuwepo. Dada anasema asubuhi ile kabla ya kwenda shule niliitwa nikamuage babu, nikakataa kuingia, chumba kilikuwa na harufu ya dawa. Hilo silikumbuki kabisa. Nimelitafuta kwa dhati, usiku mwingi, na sipati hata harufu. Ninachopata ni mkono mkavu ndani ya wangu, na kikombe kikizunguka.

Mwezi uliopita nilimpelekea dada riwaya mojawapo niliyoipenda. Si mpenzi wa hadithi. Husoma magazeti na vitabu vya dini. Sikumwambia chochote juu ya msimulizi. Siku ya tatu akanipigia, bila hata salamu.

"Huyu mtu simwamini."

"Umefika wapi?"

"Sura ya tano. Anasema usiku ule alikuwa amelala fofofo. Haya. Mbona anajua mvua ilianzia upande wa mabati ya jirani ndipo ikaja kwao?"

Nilicheka kwa furaha, kwa maana sentensi ile mimi niliivuka mara ya kwanza, na mara ya pili ndipo nilipoiwekea alama. Nikamwambia aendelee. Hakukata simu. Nilisikia anafunga kitabu, anakiweka juu ya kitu.

"Mdogo wangu, nilikuwa nataka kukuuliza. Katika ile ya kwako, babu aliomba maji?"

"Ndiyo. Ndivyo ulivyonihadithia."

"Eeh. Ndivyo nilivyokuhadithia." Akakaa kimya kidogo. "Nimekuwa nikifikiri tangu juzi. Mchana ule kulikuwa na joto sana. Nadhani yale maji niliyaleta mwenyewe."

"Kwa ajili yake?"

"Sijui," dada akasema. "Nilikuwa na kiu."